Maji kupwa kwa dakika nne: jinsi boti inavyoshuka ngazi za mto Thames

Hebu tuanze na swali. Umekaa kwenye boti ya chuma yenye uzito wa tani 10, katikati ya mto. Mbele yako mto unashuka ghafla mita nzima. Huna winchi, huna pampu, na injini umeizima. Unataka kufika kule chini huku vikombe vyako vya chai vikiwa bado mezani. Utafanyaje?

Kwenye mto Thames, Uingereza, jambo hili hufanyika mara nyingi kila siku ya kiangazi, na wengi wanaolifanya ni wastaafu wawili wawili, mzee na bibi yake, mmoja kashika usukani, mwingine kashika kamba. Mimi na mke wangu tulilifanya mwaka jana kwa siku saba na boti ya kukodi, na siku ya pili tukakaribia kuizamisha boti ya watu. Naandika makala hii kwa sababu mbili. Kwanza, fizikia yake ni tamu na haihitaji zaidi ya hesabu ya sekondari. Pili, kosa nililolifanya ni kosa ambalo mtu anayesomea uhandisi wa maji hakupaswa kulifanya kabisa, na mke wangu, ambaye hajasomea maji ila amezaliwa Pangani kwa baba mvuvi, aliliona kabla yangu.

Mto ulio kama ngazi

Tulianzia Lechlade, mji mdogo ambako Thames bado ni mwembamba kiasi cha kurushiana mpira kutoka ng'ambo hii hadi ile. Pale mto uko karibu mita 70 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Teddington, magharibi mwa London, mahali ambapo kujaa na kupwa kwa bahari huishia, ni safari ya kilomita 200 hivi. Gawanya mwenyewe: ni mteremko wa sentimita 33 tu kwa kila kilomita. Kwa macho huuoni.

Lakini maji yanauona. Mto wa namna hii ukiachwa wenyewe hujigawa sehemu za kina na sehemu za kokoto, na kwenye kokoto boti inakwama. Dawa yake ni ya zamani sana: unajenga banio kukatisha mto, kama lile la skimu ya umwagiliaji. Nyuma ya banio maji yanajaa, yanakuwa na kina, yanatulia karibu kama ziwa. Ukijenga mabanio mengi, mteremko wote mrefu unageuka kuwa ngazi: sehemu tambarare ndefu, kisha kidato, kisha tambarare tena. Umetatua tatizo la kina, umejitengenezea tatizo la vidato.

Zamani walivuka vidato kwa ujasiri zaidi ya akili. Kwenye banio waliacha mwanya ulioweza kufunguliwa. Boti inayoshuka ilingoja maji yaachiliwe, kisha ikarushwa nayo. Inayopanda ilivutwa kwa kamba dhidi ya mmwagiko huohuo. Mwenye kinu cha kusagia nafaka aliyetegemea maji yale angeweza kukwambia ungoje, na ungengoja. Msidhani hayo ni ya enzi za kale tu: mwanya wa mwisho wa aina hiyo, karibu na Lechlade penyewe, uliondolewa miaka ya 1930.

Jibu bora lilikuwa limeshapatikana China mwaka 984. Afisa wa usafirishaji aliyeitwa Qiao Weiyue alichoshwa na hasara kwenye Mfereji Mkuu. Majahazi ya nafaka ya serikali yalikuwa yakiburutwa juu ya miteremko ya udongo kutoka ngazi moja ya maji hadi nyingine, mengine yakivunjika, na kila yalipovunjika wezi walikuwa tayari pembeni. Akajenga malango mawili, moja mbele ya jingine, na kati yake nafasi ya kutosha boti. Yaani uvumbuzi huu mkubwa ulizaliwa na wizi wa mchele! Kwenye Thames vyumba vya kwanza vya aina hii vilijengwa karibu na Oxford mwaka 1631, na leo kati ya Lechlade na Teddington viko zaidi ya 40.

Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina la chumba hiki. Nimesikia malango ya maji, nimesikia vizuizi. Hapa nitakiita loki, jina ambalo hata wao wenyewe hulitumia pia kwa kufuli, na litatutosha.

Chumba chenye milango miwili

Fikiria chumba kirefu cha mawe kando ya banio, kisicho na paa. Upande wa juu kina jozi ya malango makubwa, upande wa chini jozi nyingine. Chini kabisa ya malango, au ukutani kando yake, kuna vilango vidogo vinavyopandishwa na kushushwa kwa gurudumu la mkono. Vilango ndivyo vinavyofanya kazi. Malango yenyewe ni milango tu.

Unaposhuka, chumba kinakuwa kimejaa, sawa na mto wa juu. Unaingia, unafunga malango nyuma yako, unazima injini. Kisha mtu anafungua vilango vya chini. Maji yanatoka chumbani kwenda mto wa chini, na boti inashuka nayo taratibu kama inayozama, ila haizami. Maji ya ndani yanapolingana na ya nje, unafungua malango ya chini na kwenda zako. Kupanda ni kinyume chake: chumba kitupu, vilango vya juu vinafunguliwa, maji yanakuinua. Hakuna nishati iliyonunuliwa popote. Mvua iliyonyesha vilimani imeshalipa.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: boti nzito si itahitaji maji mengi zaidi? Hapana, na hapa ndipo Arkimedi anapopendeza. Boti inayoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawasawa na wake. Ikiingia chumbani, tani 10 za maji zinatoka kwa mlango uleule kurudi mtoni kabla hujafunga. Baada ya hapo, kiasi cha maji unachomwaga ni eneo la chumba mara kimo cha kushuka, basi. Ukiingia na ngalawa au na jahazi lililojaa mbao, bili ya maji ni ileile. Chumba cha mita 35 kwa 5, chenye kidato cha mita moja, kinamwaga mita za ujazo 175, yaani lita 175,000.

Kwenye mto hiyo si hasara, maji yalikuwa yanakwenda huko hata hivyo. Kwenye mfereji uliochimbwa kuvuka mlima ni habari nyingine. Mfereji wa Panama hupandisha meli mita 26 kwa maji matamu ya ziwa, na kila meli inayovuka hutumia takriban lita milioni 200 zinazoishia baharini. Mvua zilipopungua mwaka 2023 ilibidi wapunguze meli kwa siku.

Malango nayo yana ujanja wake. Jozi haifungi sawasawa kama mlango wa kabati. Inakutana kwa pembe, kama herufi V iliyoelekeza ncha yake kwenye maji ya juu. Umbo hili huhusishwa na Leonardo da Vinci alipokuwa Milano mwishoni mwa karne ya 15. Maji ya juu yanaposukuma, yanazibana mbao mbili zizibane zaidi. Adui ndiye anayeshika mlango.

Na anaushika kwelikweli. Chukua lango moja lenye upana wa mita 3, kina cha maji upande wa juu mita 3, upande wa chini mita 2. Shinikizo huongezeka kadiri unavyokwenda chini, kwa hiyo unajumlisha kutoka juu hadi sakafuni kila upande, kisha unatoa. Jibu ni nguvu ya nyutoni 73,500, sawa na uzito wa tani saba na nusu. Tembo dume mkubwa ana tani sita hivi. Hakuna mlevi wala mtoto mtundu anayeweza kulifungua kwa bahati mbaya.

Kitu kinachowashangaza wageni ni pale maji yanapokaribia kulingana. Tofauti ikibaki sentimita 2 tu, lango lilelile bado limebanwa kwa nguvu ya kilo 180. Unaegemea boriti ya kufungulia kwa mgongo, unasukuma, uso unakuwa mwekundu, lango halisogei hata kidogo. Kisha, bila wewe kuongeza nguvu, linaanza kwenda lenyewe. Siyo kwamba umekuwa Samsoni. Ni sentimita mbili zimekwisha.

Dakika ya kwanza

Sasa tufike kwenye kosa langu. Ili ulielewe, inabidi tumkaribishe Evangelista Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, aliyegundua kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hutegemea kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu yake. Kwa lugha ya nyumbani: ndoo iliyotoboka humwaga kwa fujo ikiwa imejaa, kisha inaanza kudondosha tone moja moja mpaka unakereka.

Weka hesabu hiyo kwenye chumba chetu cha mita 35 kwa 5, kidato cha mita moja, vilango vyenye jumla ya nusu mita ya mraba, na punguzo la kawaida kwa sababu maji hujibana yanapopita tunduni. Chumba kinashuka chote kwa dakika nne na ushee. Lakini tazama mgawanyo wake. Dakika ya kwanza pekee maji yanashuka sentimita 40. Dakika ya mwisho yanashuka sentimita 5.

Mke wangu aliwahi kunieleza, zamani kabla hatujaoana, jinsi baba yake alivyomfundisha kufunga mashua. Ukifika maji yamejaa, acha kamba ndefu, kwa sababu yatakupwa. Wakati wa bamvua kwenye pwani ya Tanga na Zanzibar tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita 4. Aliyefunga fupi anarudi alasiri anakuta mashua inaning'inia gatini kama samaki kwenye ndoana. Mimi, mtu wa Iringa, nilicheka.

Loki ni maji kupwa. Ndiyo maelezo bora ya loki niliyonayo, na nimesoma vitabu vinene. Tofauti ni mwendo tu. Bahari ya bamvua, inapokwenda kwa kasi kuliko saa zote, inashuka kama mita moja kwa saa, yaani chini ya sentimita 2 kwa dakika. Chumba chetu kinashuka sentimita 40 katika dakika yake ya kwanza. Ni zaidi ya mara 20.

Kanuni za Thames zinasema wazi: ukiwa ndani ya loki, kamba ya omo na kamba ya tezi zizungushwe kwenye nguzo fupi za chuma zilizoko ukingoni, mwisho wake ushikwe mkononi, na usifunge fundo. Kutoka Lechlade hadi karibu na Oxford kuna loki 10 za kuzungushwa kwa mkono. Mlinzi akiwepo anakusaidia, asipokuwepo linawekwa bango kwamba ujihudumie. Siku ile hapakuwa na mtu. Tulikuwa wawili, na kazi zilikuwa tatu: kamba ya omo, kamba ya tezi, na vilango. Mke wangu alikaa tezi na kamba yake mkononi. Mimi nilishika ya omo, nikaona nitachelewa, nikaifunga fundo zuri kabisa kwenye nguzo, nikaenda kwenye gurudumu. Na kwa kuwa nilishajiona fundi, nikafungua vilango vyote kwa mkupuo badala ya kidogo kidogo.

Kamba ilikuwa na ulegevu wa sentimita 15 hivi. Ulegevu huo uliisha katika sekunde 20.

Tupige hesabu ya kilichofuata, maana wakati ule sikupiga hesabu yoyote. Boti yetu ilikuwa na urefu wa mita 14 na upana wa mita 2, eneo la mita za mraba 28 juu ya maji. Maji yakishuka sentimita moja bila boti yote kushuka, maji yanaacha kubeba kilo 280. Boti ikiwa imeshikiliwa ncha moja tu, ncha nyingine hushuka na kujitafutia maji, kwa hiyo kamba inabeba robo yake: kilo 70. Ndiyo kusema kila sentimita inaning'iniza mtu mzima mmoja zaidi kwenye kamba yako, na maji yanashuka sentimita moja kila sekunde moja na nusu. Foleni ya watu wanaopanda kamba, mmoja baada ya mwingine, hawasukumani, hawachoki.

Nilisikia sahani kwanza. Kisha sauti ya mke wangu: "We! Omo! Omo imening'inia, funga maji!"

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya, nikakimbilia fundo. Fundo lililobeba karibu kilo 900 halifunguki. Kadiri linavyovutwa ndivyo linavyojikaza. Omo ilikuwa imebaki juu, boti imelalia ubavu kuelekea ukutani, tezi imeshuka na mke wangu kashikilia mlango wa kibanda. "Acha kamba! Funga maji!" Mara ya pili ndipo nikamwelewa. Nikarudi kwenye gurudumu, nikafunga vilango vya chini. Maji yakasimama. Boti ikabaki hivyo ilivyo, imepinda, inalia mlio wa chuma ambao sitaki kuusikia tena. Kisha nikaenda malango ya juu nikafungua kilango kimoja kidogo sana, maji yakaingia, boti ikainuka, kamba ikalegea, na lile fundo nikalifungua kwa vidole viwili.

Huo ndio utaratibu, msomaji, ukiwahi kufikwa: funga vilango vya chini kwanza, kisha rudisha maji taratibu. Wengine hubeba kisu cha kukatia kamba, na kwenye dharura kisu kinaweza kuokoa boti, ila kamba iliyobeba karibu tani moja ikikatwa hurudi kama mjeledi, na haichagui inampiga nani. Kama ningeendelea kupambana na fundo kwa sekunde nyingine 20, mzigo ungekuwa umepita kilo 1,500. Kamba ingekatika, au chuma cha kufungia kingeng'oka, au maji yangeingia kwa tezi. Boti za namna hii huzama ndani ya loki kila baada ya muda, kwenye maji ambayo mtu mrefu angesimama.

Tulikaa kwenye majani ukingoni kama nusu saa. Hakuniambia kitu kuhusu baba yake. Sahani sita zilivunjika, tulizilipa.

Kizingiti, na maji meupe

Fundo siyo njia pekee. Chini ya malango ya juu kuna ukingo wa zege unaojitokeza ndani ya chumba, kama kizingiti cha mlango, na chumba kikiwa kimejaa huuoni. Boti inayoshuka ikikaa nyuma mno, tezi yake inakuja kukalia kizingiti wakati omo inaendelea kushuka na maji. Fizikia ni ileile, ila badala ya kuning'inia unaegemea, na mara hii omo ndiyo inayokwenda chini. Ukutani huwekwa alama kuonyesha kizingiti kinapoishia. Kaa mbele yake na uwe unatazama nyuma. Watu wote hutazama mbele, kwenye malango, kwa sababu huko ndiko wanakokwenda.

Halafu kuna banio lenyewe, lile linaloachwa pembeni ukiingia loki. Linapendeza, lina povu na bata. Maji yanapoporomoka chini ya banio hupiga mbizi, kisha tabaka la juu hurudi nyuma kuelekea banioni, na aliyeangukia pale huzungushwa chini, juu, chini. Povu lenyewe lina hewa nyingi, kwa hiyo halikubebi kama maji ya kawaida. Sandford, chini kidogo ya Oxford, pana mnara wa mawe wenye majina ya wanafunzi watano wa chuo cha Christ Church waliokufa maji kwenye bwawa la banio kati ya 1843 na 1921. Ukilinganisha na hayo, chumba cha loki ni mahali pa amani. Mvua zikiwa nyingi walinzi wa mto huweka mabango ya manjano, kisha mekundu, na ukiona jekundu unafunga boti yako na kupika chai.

Mbona kwetu hakuna?

Nilitumiwa swali hili na rafiki aliyesafiri kwa meli kutoka Kisangani hadi Kinshasa, akakuta mto mkubwa kuliko yote Afrika unakatikia hapo kwa boti. Kati ya Kinshasa na Matadi mto Kongo unaporomoka takriban mita 270 kwenye maporomoko ya Livingstone. Kwa kidato cha mita 2.7, ungehitaji loki 100. Hilo siyo tatizo kubwa sana, tatizo ni maji yenyewe. Thames pale Teddington hupitisha kwa wastani mita za ujazo 65 kwa sekunde. Kongo hupitisha karibu 40,000. Banio la kutuliza mto huo siyo banio, ni mojawapo ya mabwawa makubwa kuliko yote duniani, tena mengi mfululizo. Wabelgiji walijenga reli kuzunguka maporomoko, ikakamilika 1898 kwa gharama ya maisha ya vibarua wengi, na mizigo inashushwa na kupakiwa upya hadi leo.

Loki zinapenda mito mivivu. Nile yetu, baada ya kupiga kelele zake zote Jinja na Murchison, inatulia Misri, na huko loki zipo: meli za watalii kati ya Luxor na Aswan hupita kwenye loki ya Esna, zikipanga foleni usiku kucha. Baadhi ya maji yanayoziinua yametoka Ziwa Victoria.

Sandford

Siku ya tano tulifika Sandford, loki ya 14 kutoka Lechlade na yenye kidato kikubwa kuliko zote kwenye Thames juu ya Teddington: mita 2.69. Pale gurudumu la mkono hakuna, mitambo ndiyo inayofungua vilango, na mlinzi alikuwepo, mzee mwenye kofia na fulana ya kujiokolea. Chumba kikiwa kimejaa unachungulia ukutani huoni kitu cha kutisha. Kikiwa kitupu ni shimo la ghorofa.

Kufikia hapo tulikuwa tumeshagawana kazi upya. Yeye alikaa omo na kamba yake, mimi tezi na yangu, na mahali pasipo na mlinzi mmoja wetu alikuwa anashika zote mbili kwa mpango wake: kamba moja ndefu kutoka katikati ya boti, imezungushwa nguzoni mara moja, mwisho mkononi. Msuguano wa mzunguko huo mmoja unatosha kwa mtu mwenye kilo 60 kuituliza boti ya tani 10, na akitaka kuachia, anaachia tu. Vilango tulivifungua robo kwanza, tukahesabu hadi 60, kisha tukaongeza. Torricelli hapendi haraka mwanzoni.

Mlinzi akauliza kama tuko tayari. Mke wangu akainua mkono. Maji yakaanza kushuka, kuta zikaanza kurefuka, mwani wa kijani ukatokea mstari kwa mstari, baridi ikapanda kutoka chini. Nilimwona anavyoachia kamba, kipande kwa kipande, bila kuiangalia, macho yake yako kwenye maji. Mlinzi naye alimwona. Akamuuliza alijifunzia wapi. Akajibu, "Kwetu, baharini," na mzee yule akatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha akanitazama mimi na kamba yangu, akaniambia nilegeze kidogo.